Anza na Anayepiga Hodi

Mugumu, Jumapili, saa tisa alasiri

Kwako Ghati,

Salamu nakupunguzia, maana mchana tumekula sahani moja na umeniambia mwenyewe kwamba samaki amezidi chumvi. Sasa hivi umekwenda kanisani kuagwa na wanakwaya wenzako, na ninavyowajua wale, hawatakuachia kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina kama saa tatu za kuandika. Kesho asubuhi utapanda basi la Mwanza kwenda chuoni, na barua hii utaikuta ndani ya begi, juu ya vitabu vinne ambavyo hukuviweka wewe.

Sitakwambia habari za kufunga mlango wa chumba, wala za kula vizuri, wala za wavulana. Shangazi yako alikuja kutoka Kemambo kwa ajili hiyo tu, akakuweka kikao siku mbili nzima, na nilikuona unavyotikisa kichwa huku akili iko kwingine. Hayo yamekwisha. Mimi nataka kukuandikia habari za Robi wa Milimani.

Najua umeshtuka. Jina la mwandishi huyo halijatajwa ndani ya nyumba hii kwa miaka saba. Ulikuwa na miaka kumi na miwili uliposoma kitabu chake cha kwanza, ukawa na wewe unaandika hadithi yako ya kutisha kwenye daftari lenye jalada la kijani. Kisha daftari likapotea, ukaacha kuandika, na yeye ukaacha kumsoma. Kuna jambo kuhusu daftari lile ambalo sijawahi kukwambia. Nitalisema humu humu, kabla sijaweka jina langu chini. Ila nikianza nalo utaichana barua na hutajua ninayotaka uyajue kuhusu vitabu hivi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Naogopa kwamba ukishalijua hutarudi likizo. Nimeogopa hivyo tangu mwaka jana, na leo nimeamua kuandika na woga wangu hivyo hivyo.

Nianze na kosa langu dogo, lile la kuchekesha. Mimi Robi nilimwanza vibaya.

Ulikuwa kidato cha pili. Nilikwenda Sirari kumpokea binamu yangu anayevuka kutoka upande wa Kenya, naye kama kawaida yake akachelewa. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa pili ametandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai. Nikaona jalada lenye ng'ombe. Ng'ombe wazuri, wenye nundu, wamesimama juani, na wewe unanijua mimi na ng'ombe. Kitabu kilikuwa kinene kama tofali. Jina lake *Ng'ombe Wasio na Kivuli*. Nikakiinua.

"Mzee, hiyo kitabu si ya ng'ombe," yule mama akaniambia.

"Na hawa ni nini, mbuzi?"

"Ni ng'ombe, lakini si mambo ya ufugaji bana. Hiyo ni ya majitu na giza na watu wa chini. Wewe utalala kweli?"

"Mama, mimi nimefanya kazi chini ya ardhi miaka tisa. Giza ananitishia nani?"

"Haya basi, beba. Lakini usinirudishie hapa ukisema umekosa usingizi."

Nikamlipa, nikakaa juu ya jiwe kumsubiri binamu yangu, nikafungua. Unajua kusoma kwangu: darasa la saba, kidole kinatembea chini ya mstari, midomo inacheza. Mchungaji mmoja anatoa mifugo asubuhi. Jua limeshapanda. Anaona kwamba ng'ombe wake hawana kivuli. Mimi nikadhani sasa atapiga kelele, atakimbia, atamwita mganga. Wapi. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuinamisha kichwa na kutazama miguu yake mwenyewe. Na hatuambiwi ameona nini. Sura inaishia hapo.

Nilikifunga kitabu nikatazama miguu yangu. Mtu mzima, katikati ya Sirari, mchana kweupe. Ndipo nikaangalia jina la mwandishi na nikakuta ni yule yule uliyekuwa unamsema asubuhi na jioni. Nusura nikirudishe. Nilikuwa na sababu zangu za kumwogopa mwanamke huyo, na hazikuwa za majitu. Lakini nilikuwa nimeshashikwa. Binamu yangu alipofika nilimsalimia huku kidole kiko kwenye ukurasa wa ishirini.

Tangu siku ile ninasoma kwa siri. Unaikumbuka ndoo ya bluu yenye mfuniko, ile iliyoko kwenye kibanda cha shamba letu la Manchira? Ulidhani ni ya mbegu. Mbegu zilikuwa juu tu, kwenye mfuko. Chini yake alikuwa Robi, salama kutokana na mchwa. Nilipokuwa nakwambia nakwenda kulinda nyanya zisiliwe na nyani, nyani walikuwa wanakula nyanya na mimi nilikuwa nasoma. Mavuno mabaya ya mwaka ule sasa unajua yalitoka wapi.

Huyu mwanamke anajua kutisha, Ghati, na namheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu fundi yeyote anayeijua kazi yake. Hatumii damu nyingi. Anatumia vitu vya nyumbani. Kigoda kimehamishwa kidogo na hakuna aliyekihamisha. Mtu anakaribishwa ugali, anakula, anashukuru, na baadaye mwenye nyumba anagundua kwamba tonge zote bado ziko sahanini. Halafu majitu yake yana adabu. Linafika mlangoni, linapiga hodi, likimkuta mzee linasema shikamoo, na mzee anaitikia marahaba kabla hajajua amemwitikia nani. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa shamba, yule mzee wa Kinata, akaja kuuliza nina nini. Nikamsomea ukurasa mzima. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Hilo jitu limelelewa," akasema. "Wajukuu wangu wananipita hapa kama mti."

Pamoja na yote hayo, usianze na *Ng'ombe Wasio na Kivuli*. Mimi nilianza nacho na nikapotea njia mara tatu, kwa sababu kuna watu wanaingia humo ndani kana kwamba tumeshazoeana nao, kumbe walizaliwa kwenye kitabu cha kwanza. Kiache kwanza. Lakini utakapokifikia, soma polepole ile sehemu ya ukame, pale kijiji kizima kinapojua kwamba maziwa yanatoka kwa ng'ombe walioibwa kwa wafu, na bado kila nyumba inaleta kibuyu. Hakuna mahali Robi anapokwambia hawa watu ni wabaya. Anakuonyesha tu wanavyopanga foleni na wanavyosalimiana. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na minane nilikula nyama ya ng'ombe ambaye sikuuliza ametoka wapi. Nilijua vizuri kabisa. Vijana wenzangu walikuwa wametoka safari usiku uliopita, na mmoja wao hakurudi, na sisi tulikula. Sijawahi kumwambia mtu habari hiyo, hata mama yako. Robi aliniwekea sahani mbele yangu bila kunijua, na sikumchukia. Nilishukuru kwamba kuna mtu anayeweza kusema jambo kama hilo bila kulifunika.

Kitabu kingine ni *Chumvi ya Mfalme Kipofu*. Hicho usikisome ukiwa mgonjwa au una njaa, maana kuna karamu humo ndani itakayokuondolea hamu ya chakula siku tatu. Ni habari ya mfalme anayechimbisha chumvi chini ya mlima, na wachimbaji wake wamesahau nani kati yao yu hai. Wewe ulikulia Nyangoto, unayajua maduara, yale mashimo yetu ya kutafuta dhahabu kwa mikono. Nakuapia Robi hajawahi kushuka hata moja. Lakini ameandika kwamba mtu akikaa chini muda mrefu anaanza kusahau nyuso za wenzake anaofanya nao kazi, anabaki na sauti zao tu, na akipanda juu anashtuka kuona sauti ile ina pua na masikio. Hiyo ni kweli tupu. Nilidhani ni mimi peke yangu. Amejuaje? Nimejiuliza swali hilo kila sura, nikaishia kusema ana kipaji, na kipaji chake ni kusikiliza watu.

Cha nne ni *Nyumba ya Ngozi*. Hicho sijakimaliza. Nilifika mahali fulani nikakirudisha ndani ya ndoo, nikakiwekea mbegu juu, nikaenda kumwagilia. Nilifikiria nikiache hapa nyumbani nisikupe. Kisha nikakumbuka kwamba nilishawahi kuamua kwa niaba yako kitu gani kinafaa kuwepo duniani na kipi hakifai, na nikakiweka kwenye begi haraka kabla sijabadili mawazo. Ukikimaliza wewe, utanihadithia. Kama utapenda kunihadithia.

Sasa kile cha kwanza. *Anayepiga Hodi*. Ni chembamba, kina hadithi sita, jalada lake halina picha. Hicho ndicho mwalimu wako wa darasa la sita alichokuazima kule Nyangoto, na ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi kukipata, kwa sababu hakiuzwi tena. Nilivisoma vile vingine kwanza, hivyo hivyo kichwa chini miguu juu. Mwaka jana, wakati wa palizi, mwalimu mmoja wa hapa Mugumu alipata uhamisho akawa anagawa vitabu vyake, nami nikapita pale nikitafuta magunia. Kilikuwa juu kabisa ya rundo.

Nilikwenda nacho moja kwa moja shambani. Nikakaa juu ya mfuko wa mbolea, nikafungua ukurasa wa mwanzo. Kabla hata ya hadithi, Robi ameandika maneno machache kwa msomaji. Anasema yeye ni Mkurya wa milimani, na kwao neno "baba" ni mama, na msomaji akikutana nalo humo ndani asije akadhani anaambiwa habari za mwanamume.

Ghati, nilisoma maneno hayo nikasimama. Kitabu kilianguka kwenye tope. Hiyo alama ya kahawia utakayoiona pembeni ndiyo hiyo.

Naomba uniache nieleze taratibu, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Unakumbuka sheria yangu. Ulipoingia darasa la kwanza mwalimu alituambia wazazi kwamba watoto wetu wanarudi nyuma kwa sababu nyumbani wanasikia Kikurya tupu. Mimi nikaja na ukali wangu wote nikatangaza kwamba ndani ya nyumba yangu ni Kiswahili, basi. Zamani ulikuwa unaniita tata, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyomwita baba yake. Nikakwambia uniite baba. Na mama yako, ambaye kwa lugha yetu ndiye baba, nikasema aitwe mama. Ulichanganyikiwa mwezi mzima. Ulikuwa unaita mmoja anaitika mwingine. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Umeninyang'anya jina langu ukajivika wewe."

Lakini jikoni, mkibaki wawili, mlikuwa mnarudi kwenye Kikurya chenu. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta. Ulimwita baba, naye akaitika. Nilijifanya sisikii, kwa sababu hata mimi nilipenda kuwasikiliza.

Akafa ukiwa na miaka kumi. Tukamzika nyuma ya nyumba. Jikoni pakawa kimya na Kikurya kikaisha ndani ya nyumba, kwa sababu mimi na wewe tulikuwa tumezoea kuongea Kiswahili, na hata hicho tulikiongea kidogo. Miaka miwili ile nilikuwa baba mbovu, na usinitetee. Nilikuwa nashuka duarani kabla hujaamka, natoka na udongo puani na mdomoni, napitia kwenye pombe, nafika nyumbani umeshalala. Nilikuwa nasimama mlangoni pa chumba chako nikikutazama. Nilitaka kukuamsha nikuulize umekula nini. Sikujua nianzeje. Nilikuwa nasimama hivyo mpaka miguu inauma, halafu nakwenda kulala na nguo zangu.

Siku tuliyohama kuja huku Mugumu, asubuhi, wewe ulikwenda kuaga shuleni nami nikawa nafunga vitu. Nilipoinua godoro lako nikakuta daftari la kijani. Nikafungua. Nilisoma ukurasa mmoja tu, na ninaujua kwa moyo mpaka leo. Uliandika hivi:

"Baba ametoka chini ya ardhi. Ana udongo mdomoni. Amesimama mlangoni ananitazama nikiwa nimelala. Nimefumba macho ili asijue kwamba namwona. Kisha akafungua mdomo."

Hapo ukurasa uliisha na mimi sikufunua wa pili.

Unaona nilichokiona. Nilijiona mimi. Udongo ni wangu, mlango ndio ule ule, na kumbe mtoto alikuwa macho muda wote na ananiandika kama jitu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi aibu kwangu hugeuka hasira kwa haraka sana. Nikawaza mwalimu ameshasoma. Nikawaza wachimbaji wenzangu watasikia. Nikalipeleka daftari kwenye mafiga, moto wa chai ulikuwa bado unawaka, nikalisukuma ndani kwa kijiti mpaka jalada likajikunja. Nililichoma mimi, Ghati. Halikudondoka kwenye lori.

Na tulipofika hapa ukapekua mizigo yote na ukaanza kulia, nilikwambia litakuwa limeanguka njiani. Wewe ukatoka mbio kurudi barabarani. Tulitembea mpaka jua likaanza kuwaka utosini siku ya pili, wewe mbele, mimi nyuma yako, ukiinamia kila karatasi. Nilipekua majani kando ya barabara pamoja nawe. Nilikuwa natafuta kitu nilichokuwa nimekichoma kwa mkono wangu, na nilitafuta kwa bidii kweli kweli, ili uniamini. Katika makosa yangu yote hilo ndilo ninaloliota. Kuchoma kulikuwa ni hasira ya dakika moja. Kule kutafuta kulikuwa ni siku nzima na nusu, na kila dakika ningeweza kusimama nikakwambia.

Ndipo mwaka jana, juu ya mfuko wa mbolea, Robi akaniambia baba ni nani.

Hukuwa umeniandika mimi. Ulikuwa umemwandika mama yako. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, umesoma kwenye kitabu cha mtu wa kwenu kwamba neno lile la jikoni linaruhusiwa kuandikwa, lile nililokukataza mimi, na ukalichukua ukamwita nalo. Ulimtoa ardhini. Udongo mdomoni ni kwa sababu tulimzika. Alikuja mlangoni kukutazama. Mimi Mkurya mzima, niliyemwita mama yangu baba mpaka siku tuliyomzika, niliusoma ukurasa ule kwa Kiswahili nilichokulazimisha wewe, na nikamchoma mke wangu nikidhani najichoma mwenyewe.

Nilisoma hadithi zote sita siku ile. Nyingine nilisoma mara mbili. Na nikaona jambo ambalo nataka nikwambie hata kama mengine yote utayatupa. Ukurasa wako ulikuwa mzuri kuliko wa Robi. Sisemi kwa sababu wewe ni mwanangu, unajua mimi sifa nazitoa kwa shida. Robi jitu lake la kwanza linapiga hodi. La kwako halikupiga. Lilisimama tu likatazama, na mtoto akafumba macho ili asimwaibishe mgeni. Nimesoma vitabu vitatu na kipande cha nne vya mwanamke huyo na hakuna mahali palipo na huruma na woga kwa pamoja namna ile, kwenye mistari mitano. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa na kalamu ya wino unaovuja.

Mwaka ulipoingia kidato cha tatu nilikuona hapa Mugumu, mbele ya meza ya vitabu. Uligusa jalada moja, ukarudisha mkono kama mtu aliyeguswa na moto, ukanunua kalamu ukaondoka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilijua ni mimi niliyekufanya hivyo, ingawa bado sikujua ukubwa wake. Na tangu nilipoujua ukubwa wake nimekaa kimya palizi, mavuno, na palizi nyingine. Kila siku nilijipangia kesho. Leo siku zimeniishia kwa sababu kesho unaondoka.

Kwa hiyo ukifika Mwanza, anza na *Anayepiga Hodi*. Najua ulishakisoma. Kianze tena, ukianzia pale Robi anapozungumza na msomaji, maana pale ndipo alipokuwa anazungumza na wewe na mimi nikampita. Usiende haraka. Kisha *Chumvi*, kisha *Ng'ombe*. *Nyumba ya Ngozi* ni juu yako. Chuoni utakuwa na vitabu vya dawa vya kutosha kukuua, sitaki ushindwe mitihani kwa ajili ya majitu, lakini hata mfamasia ana Jumapili.

Hasira utakazozipata ukisoma barua hii ni zako, usizipunguze kwa ajili yangu. Usinipigie simu kwa kunihurumia. Likizo ikifika na hutaki kuja, nenda kwa shangazi yako Kemambo, nitamwambia kosa ni langu na asikuulize kitu. Nitamwambia na sababu. Sitakuja kusimama mlangoni kwako mpaka uniite.

Na siku utakapoandika tena, kwa maana naamini utaandika, usinifanye mwema. Niweke pale kwenye mafiga na kijiti mkononi. Robi angeniweka, na angekuwa na haki.

Nakuomba kitu kimoja tu, nawe unaweza kunikataa. Mama yako alikufa nikiwa duarani. Nilipanda juu nikakuta ameshafunikwa, na wewe ndiye uliyekuwa naye. Sikupata kusikia neno lake la mwisho, na sijawahi kuwa na uso wa kukuuliza. Kisha ukamrudisha ukamsimamisha mlangoni, akafungua mdomo, na mimi sikufunua ukurasa. Siku yoyote, hata ikiwa ni baada ya miaka kumi, kwa Kiswahili au kwa lugha yake, niandikie.

Alisema nini?

Tata